Sabuni ya Kumi na Moja

Sabuni mia nne nilizihesabu mara mbili. Mara ya kwanza zilikuwa mia tatu tisini na tisa, mara ya pili mia nne, na mara ya tatu sikuijaribu, kwa kuogopa kupata namba nyingine. Muuzaji wa jumla alinitazama nimepiga magoti kwenye baraza ya duka lake, akaniuliza kama nina wasiwasi naye. Nikamwambia sina wasiwasi naye yeye, nna wasiwasi na kila mtu. Hapo hapo nikamkumbusha kwamba mtu anayenunua sabuni mia nne hapewi mia nne kavu, na kabla hajaufunga mzigo nilikuwa nshapata vipande kumi na viwili vya nyongeza.

Sabuni hazikuwa zangu. Zilikuwa za mtoto wa dada yangu, ambaye alikuwa anasomea shahada ya pili na ambaye, katika mambo yote anayoweza kuyasomea binaadamu, alichagua kuchunguza kwa nini watu wanapeana vitu. 

Alinieleza siku moja dukani kwangu Mchangani, amekalia robota la khanga ambalo nilikuwa nataka kulifungua. Kwa hesabu ya maumbile, alisema, mpaji alitakiwa awe ameshatoweka zamani. Tuwachukue watu wa kale, maelfu na maelfu ya miaka nyuma, wanaowinda na kuchimba mizizi. Mmoja anagawa nyama yake. Mwenzake anaila peke yake kichakani, anajifuta mdomo, anarudi na uso wa njaa. Mchoyo anashiba, anaishi, anazaa wachoyo. Mpaji anakonda. Baada ya vizazi kadhaa dunia ilitakiwa ibaki na wachoyo watupu. Sasa mbona haikuwa hivyo?

Nikamwambia apite sokoni Darajani saa tatu za asubuhi kwanza, ndipo aseme haikuwa hivyo.

Wataalamu wana majibu yao. La kwanza ni damu: unamsaidia ndugu yako kwa sababu amebeba sehemu ya ulichokibeba wewe, na akizaa yeye ni kama umezaa wewe kidogo. La pili ni kulipana: leo mimi, kesho wewe. La tatu ni jina: anayetoa hujulikana, na aliyejulikana hupata mke, hupata wa kushirikiana nao, hupata wa kumbeba akivunjika mguu. Nikakubaliana na yote matatu, maana yote matatu ni biashara. Na hilo ndilo lililokuwa likimkera mtoto. Alitaka kujua: ukiondoa damu, ukaondoa malipo, ukaondoa jina, kinabaki nini?

"Sifuri," nikamwambia. "Andika sifuri upeleke, usipoteze nauli."

Hakuandika. Alipanga kwenda Matemwe, kwenye kikundi cha wanawake wanaolima mwani. Kila mwanamke angeingia peke yake nyuma ya pazia na vipande kumi vya sabuni. Anavyovitaka angebaki navyo. Vyengine angevitia kwenye chombo, vikapelekwa kwa mwanamke wa kijiji kingine ambaye hamjui na hatamjua. Chombo kingepitishwa kwenye kidirisha cha chumba cha pili, ambako mtu asiyemwona angehesabu na kuandika namba kwenye karatasi isiyo na jina. Mtu huyo ndiye mimi, khalati wa mtoto, dada wa mama yake. Dada yangu alikuwa amenipigia simu kusema mtoto hawezi kwenda shamba peke yake, anahitaji mtu mzima. Mimi nikaona pia kuwa Matemwe kuna wanawake wengi, nikafunga doti kumi za khanga mpya pembeni ya sabuni.

Muda ulikuwa mdogo. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, wanawake wote huwa baharini kwenye mwani wao na humpati hata mmoja wa kukaa nyuma ya pazia. Wanapumzika wakati wa maji mafu, yasipokupwa mbali, na maji mafu yalikuwa yanakwisha Ijumaa. Mwalimu wake wa chuo alikuwa ameshamwongezea muda mara mbili. Mwisho wa mwezi ule, bila ya majibu ya wanawake wasiopungua thelathini, ufadhili ungefungwa na miaka yake miwili ingekuwa imekwenda na maji.

Kitu kimoja kiliachiwa mimi, nacho ni kununua vyombo. Karatasi ya mtoto iliandikwa "chombo cha kutilia", basi, haikueleza chombo gani. Nikapata mjini mikoba minne iliyosukwa kwa ukili, mizuri, yenye mistari ya zambarau na nyekundu, kwa bei ambayo mpaka leo nikiikumbuka nafurahi.

Njiani, ndani ya kigari cha mizigo tulichokikodi, nilimwonya mwanangu yule kuwa habari za binaadamu kutokana na masokwe aziache mjini. Aseme anachunguza ukarimu, inatosha. Akaniambia hana haja ya masokwe, na akaanza kunieleza jibu la nne, ambalo alikuwa akilipenda kuliko yale matatu. Kuna wanaosema yote yalianzia kwenye kulea. Mtoto wa binaadamu ni mzigo mkubwa, anachelewa kutembea, anachelewa kujilisha, na mama mmoja hamuwezi. Waliosalimika walikuwa watoto waliopokezanwa na mikono mingi. Kwa hivyo sisi sote ni wajukuu wa watu waliobeba watoto wasiokuwa wao. Nikamwambia hilo nalo ni biashara, ila malipo yake yanachelewa.

Jumanne asubuhi tukaanza, kwenye banda la kikundi, lililokuwa na vyumba viwili na mkeka mpana nje kwa wanaongoja. Kikundi kilikuwa na wanawake arobaini na mmoja. Arobaini walikubali. Wa arobaini na moja, bibi mmoja mfupi, mkavu, mwenye macho ya mtu anayejua bei ya kila kitu, alikataa. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, kisha akauliza sadaka ina kitu gani cha kuchunguzwa. Lakini hakuondoka. Alikaa pembeni ya mkeka kutwa nzima kutazama, bila ya kulipa kiingilio.

Wa kwanza alitoa tano. Nikahesabu tena: tano. Wa pili sita. Wa tatu tano. Nilikaa mle chumbani nikijiuliza wanawake hawa wanaishi vipi na tabia hii.

Mkoba wa nne nikauhesabu, ukawa na kumi na moja.

Nikahesabu tena. Kumi na moja. Nikatoka kwa mlango wa nyuma nikamuuliza mtoto amempa mama yule ngapi, akasema kumi, na yeye naye hukosea mara chache sana kwa sababu amerithi upande wetu. Karatasi ilikuwa na nafasi ya sifuri mpaka kumi. Nikarudi kuvitandaza vipande chini kimoja kimoja, ndipo nikaona kuwa kile cha kumi na moja si chetu. Kilikuwa sabuni ya mwani, ile wanayoipika wenyewe, imefungwa kwenye karatasi vizuri na uzi juu yake. Mama huyo alikuwa ametoa zote kumi, akaongeza na yake.

Baada ya hapo mambo yakaharibika kabisa. Wa tano alitia sabuni sita na fungu la karafuu. Wa sita, sabuni tano na ndimu nne. Wa saba alikuja na mayai mawili yaliyozongwa kitambaa. Kwenye mkeka waliokuwa wakingoja walikuwa wakinyanyuka mmoja mmoja kwenda majumbani kwao na kurudi wamekunja ncha za khanga. Ilipofika adhuhuri wanawake kumi na wanne walikuwa wameshapita, kumi na mmoja kati yao wakiwa wametia kitu ambacho hatukuwapa, na chumba changu kilikuwa kinanuka kama jiko la arusi.

Mtoto alimwuliza yule wa karafuu, kwa upole, kwa nini ameongeza. Mama akamtazama kama aliyeulizwa kwa nini amevaa nguo.

"Sasa mkoba wa mtu urudi kwake na sabuni kavu, kama umetoka ofisini?"

Mtoto akasema mkoba si wa mtu, ni chombo tu.

"Chombo tu vipi, mwanangu? Huu msuko wa Makunduchi. Na hizi rangi. Sisi hatusuki hivi. Tangu yule wa nne kaugeuza chini juu, sote tunajua vinakokwenda."

Na kweli vilikuwa vinakwenda Makunduchi. Mtoto wa dada yangu alinigeukia taratibu. Mimi nikatazama bahari.

Hapa inafaa nieleze kwa asiyekuwa wa kwetu. Jirani akikuletea chakula kwenye sahani, sahani yake hairudi tupu. Utatia chochote, hata sukari kidogo, hata ndizi mbili. Hakuna anayefundishwa, na hakuna anayesahau. Mimi ninayehesabu kila kitu nimeishi na desturi hiyo umri wangu wote, na bado nilikwenda kununua mikoba yenye uso wa wenyewe, kwa sababu ilikuwa rahisi, nikaipeleka kwenye uchunguzi ambao sharti lake ni kuwa mpokeaji asijulikane. Ukweli sikuwa nimenunua vyombo. Nilikuwa nimenunua vyombo vya watu.

Na pazia nalo lilikuwa limewafanyia kazi tofauti na tuliyoikusudia. Mtoto aliliweka ili mchoyo apate nafasi ya kuwa mchoyo kwa raha zake. Wao walilifahamu vyengine. Mmoja alimshukuru kwa kulifikiria, akasema hivi ndivyo inavyotakiwa, mtu atoe pasiwe na ria, asitoe ili aonekane. Nyuma ya pazia walitoa zaidi.

Mtoto akampigia simu mwalimu wake alasiri ile. Nilimwona akizunguka mnazi mara nne huku akisema naam, naam. Aliporudi alikuwa amepungua. Mwalimu alisema kumi na mmoja walioongeza vitu waondolewe. Watatu wa mwanzo, waliopita kabla ya siri kufichuka, wabaki. Waliosalia waendelee kwa chombo kisichokuwa na mwenyewe. Lakini idadi ni thelathini, na haishuki.

Tukahesabu. Waliosalia ni ishirini na sita. Ishirini na sita na watatu ni ishirini na tisa. Nikahesabu tena nikianzia chini ya orodha, nikitumai kuwa upande ule una watu zaidi. Ishirini na tisa.

"Khalati," akasema, "nimekosa mmoja."

Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, nna maneno mengi ya kujitetea. Alikaa tu akikunja pembe ya karatasi yake.

Jumatano na Alkhamisi tulitumia boksi la sabuni lenyewe, tumelitoboa tundu juu. Halina msuko, halina kijiji, halina wa kumrudishia. Wanawake ishirini na sita wakapita na hakuna aliyetia hata punje ya hiliki. Nne, tatu, tano, mbili, nne. Hazikuwa nyingi kama za mikoba, lakini hazikuwa sifuri, na mimi nilikuwa nikiingojea sifuri kama mtu anayemngojea jamaa yake bandarini. Mtoto alinakili kila namba, kisha akawa anatazama mkeka ulio wazi.

Alkhamisi baada ya sala ya alasiri nikaenda kukaa na yule bibi aliyekataa. Nimewahi kuwashawishi watu wanunue rangi wasiyoipenda. Nikadhani haya nayo ni yale yale. Nilimsifu, akasikiliza. Nikamweleza habari ya mtoto, ufadhili, miaka miwili, mmoja aliyekosekana. Akasikiliza mpaka mwisho, tena akaniuliza maswali mazuri, kisha akauliza atapata nini. Nikasema sabuni kumi, zile za nyongeza, na atakazobaki nazo ni zake. Akasema sabuni anazo, anapika mwenyewe.

"Nnaingia," akasema mwisho. "Ila wewe kwanza. Na si kwa sabuni. Ingia na zile khanga ulizozificha chini ya turubai ya gari."

Nikamwambia sikuzificha, nimezihifadhi. Akasema sawa, basi niingie na nilizozihifadhi. Ziko ngapi?

Ziko kumi. Alikuwa anajua ziko kumi. Nikamwambia mimi si katika uchunguzi. Nikamwambia hizi ni mali ya duka. Nikampa doti moja, yake, aingie bila ya masharti, akaikataa bila ya kuitazama, na mtu anayekataa bila ya kutazama hana bei ya chini. Nilijaribu kwa robo saa. Hakuteremka hata kidogo. Mwisho nilimwona mtoto yuko mlangoni, amesikia yote, anakunja tena pembe ya karatasi yake, na hilo ndilo lililonimaliza.

Nikaingia nyuma ya pazia na doti kumi na boksi.

Sijawahi kukaa na kitu kipumbavu kama lile tundu. Nilijua hesabu yote. Mwanamke wa Makunduchi si damu yangu. Hatanilipa. Hatanijua. Mtoto ndiye angehesabu upande wa pili, lakini alikuwa ameapa kwamba namba yangu haiandikwi popote. Yaani vyote vitatu vimeondoka, na mtu mwenye akili alikuwa akae kidogo kwa adabu, kisha atoke na doti zake kumi.

Nilichokikumbuka mle ndani ni maziwa. Nilipozaliwa mama yangu aliugua, na nyumba yetu ilikuwa kwenye kichochoro chembamba cha Mji Mkongwe ambacho ukinyoosha mikono unagusa majirani wa pande zote mbili. Nilinyonyeshwa na wanawake watatu mbali ya mama. Mmoja tu ndiye jamaa. Kwa dini yetu aliyekunyonyesha ni mama yako na wanawe ni nduguzo, kwa hivyo nilikua na ndugu wa kunyonya kumi na mmoja, na nilipofika umri wa kuposwa nusu ya vijana wa kichochoro chetu walikuwa haramu kwangu, pamoja na yule mmoja aliyekuwa mzuri. Nimelilalamikia jambo hilo miaka mingi. Sikuwahi kulihesabu kutoka upande wa wale wanawake. Kila mmoja alikuwa na wake wa kumnyonyesha, na hakuna aliyekuja kudai. Wawili walihama nikiwa mdogo. Sura zao sizijui.

Siwezi kusema niliwaza nikaamua. Mkono ulikwenda. Nilitia doti moja, nikatia ya pili, nikatia ya tatu, kisha nikaingiza mkono tunduni kuitoa ya tatu, nikaishika, nikaiwacha. Tatu. Nilihesabu mara mbili zilizobaki, zikawa saba.

Bibi yule hakuniuliza ngapi. Aliingia na sabuni zake kumi, akakaa nyuma ya pazia muda ambao mtu angeweza kusuka mkeka, akatoka. Mtoto akachungulia boksi, akalipindua, akalitikisa. Hapana kitu.

"Zote nnazo hapa," bibi akasema, akipiga mkunjo wa khanga yake, wala hakujificha. "Mie nimetoa tangu sijaolewa. Leo nimetaka nione inakuwaje."

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, inakuwaje.

"Vizuri sana. Ulikuwa ujaribu na wewe."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nami nilicheka, ingawa kwa gharama. Kikongwe kile kilikuwa kimenitoa doti tatu bila ya kugusa hata moja na kimeondoka na sabuni zangu za nyongeza. Katika miaka yangu yote ya biashara nimekutana na wanunuzi wawili watatu wa daraja lake, na wote nimewaheshimu. Isitoshe, sifuri yangu niliyokuwa nikiingojea ilikuwa imefika mwishowe, na mtoto alikuwa anaiandika kwa mwandiko mzuri kuliko namba zote, maana ilikuwa ndiyo ya thelathini. Ijumaa tulizipeleka sabuni Makunduchi pamoja na doti tatu za khanga, ndimu, karafuu na mayai, ambayo mtoto aliyapakata mapajani safari nzima.

Majibu ya mwalimu yalifika dukani kwangu baada ya wiki kadhaa, kwenye simu ya mtoto, nikiwa nakunja khanga ambazo mteja alizikunjua zote na hakununua hata moja. Alisoma kimya. Nilimtazama uso kama ninavyowatazama watu wanaojidai hawakuvutiwa na bei.

"Amezikubali," akasema. "Zote thelathini. Nnaendelea."

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Yalikuwa yale yale, ila mara ya pili alikuwa analia kidogo na anacheka. Nikamfungia duka nusu mlango ili alie vizuri.

Kulikuwa na sharti moja. Mwalimu alitaka ukurasa mzima kuhusu wale kumi na mmoja walioondolewa, kwa sababu, alivyosema, huenda hao ndio waliokuwa na jambo la kueleza, na alitaka ielezwe wazi kosa lilitokea vipi. Mtoto aliuandika pale pale juu ya robota, akanisomea. Ulikuwa na sentensi hii: Kosa lilitokana na msaidizi wa utafiti kununua vyombo kwa kuangalia bei peke yake.

Nikamwomba aondoe "peke yake". Akakataa. Nikamwomba aandike "bei na uzuri". Akasema mikoba ilikuwa mizuri, lakini je, kwa uzuri wake ndiyo niliinunua? Nikajaribu "msaidizi" iwe "mtu mmoja". Akasema hapana, khalati, huu ni utafiti. Nikamuuliza kama zile doti tatu nazo zitaandikwa, angalau zinipoze. Akasema haziwezi kuandikwa, aliapa.

Nikamuuliza kitabu hicho kitasomwa na watu wangapi. Akafikiri. Mwalimu wake, wasahihishaji wawili, na mama yake kama atalazimishwa.

Wanne. Nikawahesabu tena, wanne. Nikamwambia aiache kama ilivyo.